Bi Kijiko, Mpishi Aliyeonja kwa Ulimi wa Wenzake

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote nina ombi. Kama una kitu mdomoni sasa hivi, usimeze. Kiache hapo kidogo. Ndiyo, wewe uliye na kipande cha mkate. Wewe uliyeegemea meza ya jikoni na kikombe mkononi. Kiache hapo hapo.

Haya, meza. Karibuni. Leo tunamkumbuka mpishi. Hakuwa mpishi wa hoteli kubwa, wala hakuwahi kumpikia mheshimiwa yeyote. Alikuwa mpishi wa hospitali. Nimewasikia mkiguna! Chakula cha hospitali, nani asiyekijua? Maharage yaliyochoka, kabichi iliyokata tamaa. Basi leo nisikilizeni vizuri, maana nimekuja hapa kujivuna kwa niaba ya mtu asiyejivuna, na sitaki anikatishe mtu.

Jina lake la kwenye vyeti wanalo nyumbani kwake. Pale hospitalini, kuanzia daktari mkuu mpaka mlinzi wa getini, walimwita Bi Kijiko. Alikuwa na kijiko chake kimoja cha chuma, kimepinda mpini kidogo, kikikaa mfuko wa kulia wa aproni yake. Akiinama kinagonga meza. Wagonjwa wakisikia ule mlio kwenye korido, wanajua chakula kimekaribia.

Bi Kijiko alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alipika katika hospitali ile miaka thelathini na moja. Shikeni hiyo. Miaka thelathini na moja. Halafu shikeni na hii: miaka tisa ya mwisho alipika bila kusikia ladha yoyote ulimini. Si chumvi, si sukari, si ndimu. Hakusikia kitu.

Mpishi asiyesikia ladha. Miaka tisa. Na chakula chake watu walikuwa wakikifuata hata baada ya kupona. Nitawaeleza ilikuwaje.

Nianze na jiko lenyewe, maana nimefika mara mbili na ya pili nitawasimulia mwishoni. Ni chumba kirefu, dirisha moja upande wa ua, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka imekuwa laini. Kuna majiko manne, na la tatu limekuwa na kilema tangu enzi na enzi. Linawaka upande mmoja. Ukutani pana ubao wenye idadi ya wagonjwa wa kila wodi, unafutwa na kuandikwa upya kila asubuhi. Na kwenye majiko kuna masufuria mawili makubwa yanayofanana kama mapacha. Moja ni la wagonjwa wote. La pili ni la wagonjwa wasioruhusiwa chumvi, wale wa moyo, wa figo na wa presha. Hili la pili hufungwa kitambaa cheupe kwenye mshikio. Mpishi mgeni, siku ya kwanza kabisa, kabla hajaonyeshwa hata choo kiko wapi, anaonyeshwa kile kitambaa.

Sasa Bi Kijiko alikuwa na sheria yake. Chakula hakitoki mpaka kionjwe. Na hakionjwi kiholela. Kijiko kimoja, umesimama, umenyamaza. Mpaka umeze. Ukiongea huku unaonja anakunyang'anya kijiko. Ukionja huku unatembea, mama yangu, utajuta kumfahamu! Matroni aliyekuwa msimamizi wao, ambaye sasa amestaafu, aliniambia hivi: "Siku moja daktari bingwa alipita jikoni akachovya kidole kwenye mchuzi huku anasoma karatasi. Bi Kijiko akamwambia, 'Daktari, ungempima mgonjwa hivyo?' Yule daktari akaweka karatasi chini, akasimama wima kama mwanafunzi."

Miaka ishirini na miwili alikwenda hivyo. Kisha ikaja homa.

Ilikuwa homa ya kawaida, ile ya mafua na mwili kuuma. Alilala siku sita. Siku ya saba akaamka mzima, akajitengenezea chai, akanywa. Akadhani ni maji ya moto. Akaongeza sukari. Maji ya moto. Akalamba sukari yenyewe kiganjani. Aliwahi kumweleza binti yake kwamba ilikuwa kama kulamba mchanga safi.

Daktari wa masikio na pua alimwangalia akamwambia ukweli. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Bi Kijiko akashukuru, akatoka, akavaa aproni, akaenda kazini. Hakumwambia mtu.

Wasikilizaji wapendwa, msimhukumu upesi. Jiweke wewe pale. Una miaka arobaini na tisa. Jiko lile ndilo linalokufanya uitwe wewe. Mpishi asiyesikia ladha utamwita nani? Alijua siku atakayosema, ndiyo siku atakayovua aproni. Basi akakaza roho. Mkono wake ulikuwa na kumbukumbu ya miaka ishirini na miwili, akaupa mkono kazi ya ulimi. Chumvi kiganja hiki, vitunguu kiasi hiki, moto hivi. Mwishoni anatoa kijiko chake, anachota, anatia mdomoni, anasimama kimya, anameza, anasema, "Sawa, peleka."

Alikuwa anadanganya kwa kijiko. Maneno haya si yangu, ni yake mwenyewe. Aliyarudia mara nyingi baadaye, mbele ya watu, bila kupunguza hata herufi.

Nyumbani nako akaficha. Mumewe ni fundi redio. Nasema hivyo kwa heshima kubwa, maana baadhi yenu mnanisikia sasa hivi kupitia mikono ya mzee huyo. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza hali anafikiria kwanza. Nilipokwenda kumpa pole alikaa na bisibisi mkononi, akaniambia: "Redio ikiwa na kasoro naisikia kabla mwenyewe hajamaliza kunieleza. Mke wangu alikosa ladha wiki tatu ndani ya nyumba yangu, nikawa nakula nashiba nasema asante. Hiyo inaniuma mpaka leo."

Wiki tatu, basi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa Bi Kijiko kilio kilikaribia sana, kikapita pembeni kidogo tu.

Ilikuwa Jumanne. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimechafuka, akakifungua mwenyewe akakifue. Masufuria mawili yakabaki bila alama. Akatia chumvi kwenye moja, lile la wagonjwa wote. Hapo sawa. Kisha akaitwa mlangoni kupokea kabichi, akasimama huko akizikagua moja moja kama kawaida yake. Aliporudi hakukumbuka kama ametia au hajatia. Zamani asingekuwa na haja ya kukumbuka, ulimi ungemwambia. Sasa aliuuliza mkono, mkono ukamwambia tia. Akatia. Kwenye sufuria lisilo sahihi. Kisha akachota, akasimama, akanyamaza, akameza. "Sawa, peleka."

Wagonjwa thelathini na wanane. Wenye moyo, wenye figo, wenye presha. Sahani zimepangwa kwenye toroli, toroli liko mlangoni.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili wa kipindi chetu, na huyu naye mumshike. Pale jikoni palikuwa na mama mmoja, kazi yake kuosha vyombo. Miaka kumi na miwili kwenye sinki. Mikono yake ilikuwa haitoki kwenye sabuni, ndiyo maana wakamwita Mama Povu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu chochote kuhusu chakula. Yeye na chakula walikutana kikiwa kimekwisha. Lakini Mama Povu alikuwa na presha, kwa hiyo chakula chake cha mchana kilitoka kwenye sufuria la kitambaa cheupe. Siku ile aliwahi kuchota bakuli lake kwa sababu alikuwa na njaa. Akala kijiko kimoja. Akasema, kwa utani kabisa, "Dada, leo umenipa cha wenye afya!"

Mama Povu mwenyewe ananiambia: "Nilidhani nimemkosea adabu. Nilimwona ameshika ukingo wa meza, jasho jembamba linamtoka. Nikasema, haya, leo ndiyo mwisho wangu hapa, mdomo wangu umeniponza."

Angeweza kusema, jamani, kitambaa kilikuwa hakipo. Ingekuwa kweli. Angeweza kumwagilia maji kidogo, akanyamaza. Wapo ambao wangefanya. Bi Kijiko alikwenda mwenyewe mlangoni, akashika lile toroli kwa mikono miwili, akalirudisha ndani. Akamwaga chakula chote cha watu thelathini na wanane. Akaanza upya. Lakini safari hii, kilipoiva, hakutoa kijiko mfukoni. Alimwita Mama Povu kutoka kwenye sinki, akamwambia, "Mwenzangu, futa mikono. Nionjee."

Chakula kikachelewa saa moja na nusu. Bi Kijiko akakifuata wodini. Akasimama katikati ya wodi ya pili, kati ya safu mbili za vitanda, akasema, "Mmechelewa kula kwa sababu yangu. Nilipoteza ladha wiki tatu zilizopita, nikawaficha. Leo nimekaribia kuwaumiza. Nisameheni." Halafu akaenda ofisini kwa matroni, aproni imekunjwa vizuri, kijiko juu yake, akaviweka mezani.

Matroni hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwenyewe anakiri. "Nilitaka kumfukuza," ananiambia. "Tena nilikuwa nimekasirika kweli kweli, si kwa chumvi, kwa kuficha. Nikamuuliza, nani aligundua? Akasema, mwosha vyombo. Nikamuuliza, kama si yeye? Akasema, kama si yeye, mimi nisingekuwa na uso wa kuja hapa. Nikatazama kile kijiko. Nikamwambia, mpe basi huyo kijiko. Nakupa mwezi mmoja. Sahani moja ikiharibika, wote wawili mnaondoka."

Mmesikia? Wote wawili. Mama Povu aliyekuja kuosha sufuria asubuhi, jioni ameshafungwa nira moja na mpishi mkuu. Nilipomuuliza alijisikiaje, alipiga makofi akacheka: "Weee! Nilikwenda chooni nikalia. Kisha nikarudi nikaosha masufuria, maana yalikuwa hayajioshi."

Ule mwezi, jamani, ule mwezi! Kesho yake asubuhi Mama Povu anasimama mbele ya sufuria la maharage. Kijiko kimoja. Amesimama. Amenyamaza. Anameza. Bi Kijiko anamwangalia mdomoni utadhani anasubiri matokeo ya mtihani.

"Haya, niambie."

"Tamu, dada."

"Tamu siyo jibu. Tamu ni salamu. Umenisalimu, nimepokea. Sasa niambie habari."

Mama Povu hakuwa na habari. Alikuwa na miaka arobaini na moja, amekula kila siku ya maisha yake, na hana habari. Kwa sababu amekula akiwa amesimama sinkini, amekula akiwaza watoto, amekula akikimbilia usafiri. Chakula kilikuwa kinapita tu. Bi Kijiko akaanza kumuuliza polepole. Kinaanza wapi, mbele ya ulimi au pembeni? Nani anafika wa kwanza, chumvi au kitunguu? Ukishameza kuna kinachobaki, au wote wameondoka? Alimuuliza hivyo siku tatu. Siku ya nne Mama Povu akaonja, akasimama muda mrefu, akasema, "Dada, chumvi imefika. Kitunguu bado kiko njiani."

Bi Kijiko akaongeza kitunguu. Alimkumbatia mwenzake pale pale mbele ya majiko, na mwiko bado uko mkononi.

Toka hapo mambo yakafunguka. "Supu ina haraka, iache iive." "Wali huu umenuna." "Viazi vimekaa pamoja lakini havisalimiani." Maneno hayo yote ni ya Mama Povu, mwosha vyombo. Siku moja ilikuwa kabichi, kabichi hii hii ya hospitali, na akasimama na kijiko mdomoni mpaka watu wakaanza kuwa na wasiwasi. Akameza. Akasema, "Kumbe ina utamu! Mwishoni kabisa, ukishaisahau. Miaka arobaini na moja nakula kabichi, hakuna aliyeniambia!" Ananisimulia huku machozi yanamlengalenga, kwa ajili ya kabichi. Nami sikucheka.

Mwezi ukaisha. Hakuna sahani iliyoharibika. Matroni akapita jikoni, akaonja, amesimama, amenyamaza. Akasema, "Endeleeni." Akaondoka. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka tisa.

Na Bi Kijiko hakuishia kwa Mama Povu. Alikuwa na njaa ya ladha, na ladha zake sasa zilikuwa kwenye midomo ya watu. Akaanza kupita wodini baada ya chakula. Anakaa ukingoni mwa kitanda: "Samahani, mimi ndiye mpishi. Sisikii ladha. Leo ilikuwaje?" Palikuwa na mzee mmoja, seremala mstaafu, amekataa kula siku nne. Wauguzi wamembembeleza, wanawe wamembembeleza, wapi! Bi Kijiko akaja na bakuli la supu akamwambia, "Mzee wangu, sikuletei ule. Nakuletea uniambie." Mzee akaonja kimoja. Akasema ina karoti nyingi. Bi Kijiko akauliza, nyingi kivipi? Mzee akaonja cha pili ili ahakikishe. Kufika kwenye swali la tano bakuli ni tupu. Mzee huyo yuko hai, anatusikiliza, na ametutumia ujumbe huu: "Mimi sikuwa na njaa. Lakini mpishi alikuwa na shida, ningefanyaje?"

Nyumbani nako, fundi redio wetu akakiona cha moto. Usiku wa kwanza baada ya ukweli kujulikana, Bi Kijiko aliweka sahani mezani akasema, "Mume wangu, miaka ishirini na sita nakupikia unasema asante. Leo nataka maneno." Mzee akatafuna. Akafikiri. Akatafuna tena. Mwishowe mzee akasema, "Viazi vimetulia." Basi! Maneno mawili. Lakini Bi Kijiko alitembea nayo wiki nzima, kila anayekutana naye anamwambia, "Mume wangu amesema viazi vimetulia!"

Kisha akahamia kwenye siku zenyewe. Watu wakishaeleza chakula anawageukia: na leo, siku yako, ilikuwa na ladha gani? Binti yake ni mwalimu wa hesabu, wakati ule ndiyo kwanza ameajiriwa. Anasema: "Niliona ni kero. Nimerudi nimechoka, mama ananiuliza Jumatatu ina ladha gani! Nikamjibu kwa hasira, ina ladha ya chaki. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, chaki kavu au iliyolowa? Nikajikuta namweleza. Nikamweleza kuhusu mtoto mmoja aliyekuwa ameelewa kugawanya siku ile, alivyofungua mdomo. Nilikuwa nimeshalisahau. Kama mama asingeniuliza ile siku ingepita hivi hivi, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule."

Sasa niseme la kwangu, maana ninalo, na ninaona aibu kidogo. Mimi mtangazaji wenu nilikwenda pale jikoni miaka sita iliyopita kutengeneza kipindi. Nilikuwa na haraka, gari linanisubiri. Bi Kijiko akanichotea maharage. Nikatia mdomoni huku nabonyeza kinasa sauti, nikameza, nikasema kwa ile sauti yangu ya redioni, "Tamu sana!"

Akaniangalia. Akasema, "Kaka, wewe unameza kama umefukuzwa. Umenisalimu, ahsante. Sasa nijibu."

Wasikilizaji, mimi kazi yangu ni maneno. Nalipwa kwa maneno. Nikafungua mdomo, pakawa hakuna. Nikasikia tu saa ya mkononi. Nikamwambia, "Mama, nitakujibu siku nyingine." Akasema haya, atasubiri. Fundi mitambo wangu hapa nyuma ya kioo anacheka, kwa sababu alikuwepo.

Bi Kijiko alistaafu akiwa na miaka hamsini na minane. Siku ya kuaga hakutaka keki wala hotuba ndefu. Aliitoa ile aproni akaikunja, akaweka kijiko juu, akampa Mama Povu. Mama Povu, mwosha vyombo, akawa mpishi mkuu wa hospitali, na ndiye mpaka leo. Siku ile ya kipindi, miaka sita iliyopita, nilipomuuliza Bi Kijiko pale jikoni anajivunia nini katika kazi yake yote, hakutaja wagonjwa, hakutaja miaka. Alinyoosha mkono akaonyesha sinki.

Miaka mitatu baadaye moyo wake ukachoka. Akalazwa wodi ya pili, ile ile aliyosimama kuomba msamaha. Chakula chake sasa kilitoka kwenye sufuria la kitambaa cheupe.

Siku ya kwanza Mama Povu alimletea supu mwenyewe, kwa mikono yake. Binti alikuwepo, mume alikuwepo. Bi Kijiko akaangalia bakuli, akamwangalia mwenzake, akasema, "Hujaonja."

Mama Povu akashtuka. "Dada, umejuaje?"

"Mtu aliyeonja huingia na maneno. Wewe umeingia na bakuli tu."

"Dada, nilikuwa na haraka ya kukuona."

"Mimi sijaenda popote. Rudi ukaonje."

Mama Povu akarudi na bakuli korido nzima, machozi yanamtoka, akasimama mbele ya sufuria. Kijiko kimoja. Kimya. Karoti zilikuwa mbichi katikati. Miaka kumi na miwili ya kuonja hakuwahi kukosea, siku hiyo alikuwa karibu kumpelekea karoti mbichi dada yake mwenyewe, na wagonjwa wengine wote wa kitambaa cheupe. Akazipa moto mpaka zikaiva. Akarudi wodini. Na safari hii aliingia akiongea: "Inaanza na karoti, dada, imelainika, haina papara. Kitunguu kinafuata nyuma yake kimya kimya. Kuna majani ya figili, yanachoma kidogo pembeni, halafu yanakuachia. Ukishameza kinabaki kijoto."

Bi Kijiko alikula bakuli zima, amefumba macho. Alipomaliza akauliza, kama kawaida yake, "Na leo? Leo ina ladha gani?"

Mama Povu akasema, "Chungu, dada."

"Chungu tu?"

Akafikiri. "Chungu. Lakini sitaki kuimeza haraka."

Bi Kijiko akacheka. Binti anasema alicheka kweli, mpaka kitanda kikatikisika. Baada ya siku tatu, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, akatutoka. Fundi redio, yule mtu wa maneno machache, alinisindikiza mpaka mlangoni siku niliyokwenda kutoa pole, akasema neno ambalo sikumuuliza: "Mwambie msikilizaji wako kwamba viazi vyake vilikuwa na pilipili manga kidogo sana, ambayo hakuna mtu anayeiona. Nilikuwa naijua. Nilichelewa kumwambia, lakini nilimwambia."

Kwako mzee, fundi wetu. Kwako mwalimu, binti wa mama huyu. Kwako Mama Povu, uliyefiwa na dada ambaye hamkuzaliwa pamoja. Kituo kizima kinawapa pole, kutoka kwa anayefagia studio mpaka kwa mkurugenzi. Mungu ampokee mama yetu na awape ninyi nguvu ya kukaa kwenye meza yenye kiti kitupu.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, leo mtakula kitu. Sijui mtakula nini, pengine ni kile kile cha jana. Kijiko cha kwanza simama nacho. Kisha mwambie mtu yeyote aliye karibu habari zake. Na muulize naye siku yake ilikuwaje, usikubali akusalimu tu.

Mimi nilikuwa nadaiwa jibu. Jana mchana nilirudi kwenye lile jiko, kwa mara ya pili. Mama Povu alinichotea maharage kwa kile kijiko kilichopinda mpini. Nilizima simu. Nilisimama. Nilinyamaza.

Bi Kijiko, mama yangu, jibu lako ni hili. Yanaanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi mlango ulio wazi. Chumvi haionekani, lakini ingekuwa haipo ningeitafuta. Kitunguu kimeungua ukingoni kidogo, kwa makusudi, nadhani ni mkono wako bado. Na mwishoni, ukishameza, ukishadhani yamekwisha, kuna utamu mdogo nyuma ya ulimi. Ulikuwepo miaka sita iliyopita, mama. Mimi ndiye niliyekuwa na gari linanisubiri.